Chenga moja ya alumini ilivyonila faida: jinsi ya kutoa na kupiga riveti kwenye keisi ya kompyuta

Leo somo ni la wale tunaouza kompyuta za mezani mtandaoni, hasa tunaochukua mashine za mtumba, tunazisafisha, tunaziongezea nguvu halafu tunazituma mkoani. Ila hata kama unauza vitu vingine vya bati, kaa hapa usome, maana riveti ni ile ile.

Kwanza nikuambie kwa nini naandika. Mimi nimeishia kidato cha nne, ufundi sikusomea popote, nimejifunza kwa kufungua na kuharibu. Na hili la leo nimejifunza kwa hasara.

Kuna dada mmoja wa Mbeya ana studio ya picha na video. Aliniagiza kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiki ya kuhariria video. Mashine nilikuwa nayo, kadi nikaipata Kariakoo. Tatizo kadi ilikuwa ndefu. Kila nikiipachika inagonga kizimba cha diski, kile kifremu cha bati kilichoko mbele ndani ya keisi. Nikatafuta skrubu za kukifungua, hakuna. Kimepigwa riveti nane.

Nikachukua drili nikazitoboa zote. Kadi ikaingia vizuri kabisa. Nikapitisha sumaku humo ndani kuokota vyuma, nikaona safi. Nikaiwasha ikafanya kazi siku nzima mezani kwangu. Nikafunga mzigo, nikaupakia kwenye basi.

Siku ya pili baada ya kupokea akanipigia: "Kaka, imezima na haiwaki tena. Kuna harufu ya kuungua."

Nikamwambia airudishe. Nilipofungua na kung'oa madabodi, nyuma yake kulikuwa na uzi mmoja wa alumini umejikunja, mdogo kama kipande cha ukucha, na pembeni yake alama nyeusi. Ule uzi ulitoka kwenye riveti. Ulikuwa umejificha kwenye mkunjo wa bati, na basi lilivyotingishika zaidi ya kilomita 800 ukatoka mafichoni, ukaenda kulala mahali pabaya. Shoti.

Sasa hesabu. Faida yangu kwenye ile mashine ilikuwa 70,000. Madabodi nyingine 90,000. Usafiri wa kurudisha na kutuma tena 30,000. Yaani kazi ya wiki nzima ikaniacha chini kwa 50,000, na bado mteja alikaa siku tano bila kufanya kazi. Riveti yenyewe ni hela ya andazi.

Basi, haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Usiruke hatua.

1. IJUE RIVETI KABLA YA KUISHIKA

Pop riveti ina vitu viwili. Kuna kibomba kifupi chenye kichwa cha duara, mara nyingi cha alumini. Halafu ndani ya kibomba kuna msumari wa chuma wenye kitufe mwishoni. Ukiingiza kibomba kwenye tundu na kuubana na gani, gani inavuta msumari. Kile kitufe kinapanua mkia wa kibomba kwa nyuma ya bati, mabati yanabanana, halafu msumari unakatika kwa mlio wa "pop!". Sehemu ndefu unabaki nayo kwenye gani, kipande kifupi kinabaki ndani ya riveti.

Uzuri wake, unapiga ukiwa upande mmoja tu, huhitaji mtu wa kushika nyuma. Ubaya wake, haifunguliwi kama bolti. Kuitoa ni kuiua. Kwa hiyo kabla hujaiua, uwe na nyingine mkononi.

Keisi nyingi nilizofungua zina riveti za milimita 3.2. Usikariri lakini, pima kwanza.

2. JIULIZE KAMA KWELI UNAHITAJI KUTOBOA

Vua kava la mbele na uchungulie chini ya keisi. Mara nyingine skrubu zipo, zimefichwa tu. Vizimba vingine vinatoka kwa kubonyeza kitasa au kuvuta pembeni.

Ukikuta kweli ni riveti, shika keisi kwa pembe mbili uisokote kidogo. Kizimba cha diski mara nyingi ndicho kinachoshikilia ile fremu isiyumbe. Kama keisi ni nyepesi na tayari inayumba, ukikitoa kizimba inalegea zaidi, na mzigo wako unapanda basi. Hapo bora mtafutie mteja kadi fupi au keisi kubwa. Kumwambia mteja "hii haitafaa" si kupoteza biashara.

3. TOA KILA KITU NDANI

Na kila kitu ni kila kitu. Madabodi, diski, feni, pawa saplai, nyaya za swichi ya mbele na za USB. Nilichokosea mimi ni kwamba niliacha madabodi ndani nikaifunika na gazeti. Gazeti halizuii chenga, linazichelewesha tu.

Piga picha nyaya kabla ya kuchomoa, hasa zile ndogo za swichi na taa, zitakusumbua wakati wa kurudisha. Pawa saplai itoe nzima nzima, usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazotunza umeme mkali hata kama umechomoa waya ukutani.

4. VIFAA

- Drili yenye kurekebishika mwendo
- Biti ya milimita 3.2, ikiwa kali. Biti butu inachoma bati bure
- Panchi nyembamba, au msumari mgumu uliosagwa ncha, na nyundo ndogo
- Gani ya riveti na pua yake ya 3.2
- Tupa ndogo na msasa
- Brashi kavu, sumaku, na gundi ya karatasi ile ya mafundi rangi
- Vikopo vitatu vya mtindi vilivyooshwa, nitakuambia vya nini
- Kalamu ya wino mzito
- Miwani ya kukinga macho

Miwani siyo mapambo. Kipande cha msumari kinaweza kuruka usoni. Glavu vaa unapobeba bati maana kingo zake zinakata, lakini ukishika drili zivue. Drili ikikamata kitambaa cha glavu inavuta na kidole.

5. KUTOA RIVETI

Kwanza, weka alama. Pitia kila riveti unayotaka kuitoa, ichore namba kwa kalamu. Andika jumla kwenye karatasi. Kwenye mashine ya yule dada ilikuwa nane.

Pili, sukuma msumari. Katikati ya kichwa cha riveti utaona kitundu, ndani yake kuna kile kipande kifupi cha chuma. Weka panchi hapo, chini ya bati weka kipande cha mbao, gonga taratibu mpaka kipande kidondoke nyuma. Wengi wanaruka hatua hii. Msumari ni chuma na kibomba ni alumini laini, kwa hiyo biti ikikutana na chuma inateleza pembeni na kuchora bati la mteja. Ukishautoa, kile kitundu chenyewe kinaongoza biti ikae katikati. Ukigoma kabisa kutoka usiupige kwa hasira, bati litabonyea. Gonga alama ya katikati tu, utatoboa taratibu.

Tatu, toboa kichwa tu. Mwendo mdogo, drili imenyooka, mkono usikandamize. Hutoboi bati, unakata shingo ya riveti. Ikikatika, kichwa kinapanda juu ya biti kama pete kwenye kidole. Simama hapo hapo. Kitoe kichwa kwenye biti, nenda riveti inayofuata.

Nne, sukuma mkia. Panchi tena, gonga mara moja au mbili, mkia unadondoka nyuma.

Sasa, riveti inayozunguka. Unatoboa, nayo inazunguka pamoja na biti, haikatiki. Hii inatokea sana kwenye keisi za mtumba zilizolegea. Usiongeze mwendo, na usichukue biti nene zaidi, utapanua tundu. Chukua bisibisi bapa, kandamiza ukingo wa kichwa ili kisizunguke, huku mwenzako anatoboa polepole. Au geuza keisi, kata mkia kwa nyuma na koleo la kukatia, kisha usukume kwa mbele.

6. HESABU YA STOO

Hapa ndipo vile vikopo vitatu vinapoingia. Kila riveti ikifa inaacha vipande vitatu: kichwa, mkia, na kipande cha msumari. Kopo la kwanza vichwa, la pili mikia, la tatu misumari. Kuna wakati mkia na msumari vinatoka vimeshikana, au kichwa kinasagika vipande viwili, sawa, andika kwenye karatasi yako.

Riveti nane: vichwa nane, mikia nane, misumari nane. Jumla 24. Ukihesabu ukapata 23, kimoja bado kimo ndani ya keisi. Kitafute. Sisi wafanyabiashara tunalala tukijua stoo inafunga. Na hapa ni hivyo hivyo, hesabu isipofunga, hufungi keisi.

7. CHENGA, ADUI ALIYENIMALIZA

Vile vipande 24 unavihesabu, ila chenga za drili hazihesabiki. Na hapa ndipo sumaku ilinidanganya. Sumaku inaokota chuma. ALUMINI HAIOKOTI. Bati la keisi ni chuma, msumari ni chuma, hivyo vitanasa. Lakini kibomba cha riveti, ambacho ndicho ulichokuwa unakitoboa, ni alumini, na sumaku inapita juu yake kama haikioni. Mimi nilipitisha sumaku nikaona safi, kumbe nilisafisha nusu.

Fanya hivi kwa mpangilio:

Geuza keisi juu chini, igonge gonge pande zote kwa kiganja. Igeuze tena upande wa pili, igonge tena. Pitisha sumaku. Pitisha brashi kavu kwenye kila mkunjo wa bati, maana mkunjo ndiyo maficho. Kisha chukua gundi ya karatasi, bandika na kubandua kwenye pembe na mikunjo, uangalie inatoka na nini. Kama una kipulizia, pulizia nje ya duka na siyo juu ya meza yenye mashine nyingine. Keisi tupu isiyo na waya hata kuosha kwa maji na sabuni inawezekana, mradi uikaushe kabisa siku hiyo hiyo, isikae na maji ikashika kutu.

Mwisho, weka sikio karibu na keisi, itingishe kwa nguvu. Ukisikia "cheng'" hata moja, rudia. Basi litaitingisha kuliko wewe.

8. KINGO NA KUTU

Tundu lililotobolewa lina meno. Pitisha tupa kidogo, kisha msasa, upapase kwa ncha ya kidole taratibu. Waya ukilalia meno hayo unachubuka.

Pale ambapo rangi imetoka na bati linaonekana, gusa kwa rangi kidogo. Sisi wa ukanda wa pwani tunaijua hewa ya chumvi, bati lililo uchi halichukui muda kuota kutu. Ila usipake rangi pale skrubu za madabodi na za pawa saplai zinapofungwa. Hapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma.

9. KUPIGA RIVETI MPYA

Labda umepaka rangi na unarudisha kizimba mahali pake, au unakihamishia pembeni. Kanuni ziko mbili.

Unene: riveti ya 3.2 inataka tundu la 3.2 au 3.3. Iingie kwa kusukuma na kidole bila kucheza.

Urefu: pima unene wa mabati yote unayoyaunganisha, ongeza mara moja na nusu ya unene wa riveti. Mfano mabati mawili ya milimita 0.8, jumla 1.6. Mara moja na nusu ya 3.2 ni 4.8. Jumlisha, unapata 6.4. Kwa hiyo unanunua riveti ya 3.2 kwa 6.4. Fupi sana haishiki. Ndefu sana mkia hauumuki vizuri na unatokeza nyuma, na kama nyuma hapo ni madabodi au nyaya, umejitengenezea shoti nyingine. Kila mara angalia mkia utaangukia wapi kabla hujabana gani.

Mabati yashikane kwanza. Weka bolti za muda kwenye matundu mawili ya pembe, zikaze. Kisha piga riveti ukianzia pembe moja, halafu pembe inayotazamana nayo, siyo kwa mstari. Ukimaliza zilizobaki, toa bolti za muda upige na hapo.

Msumari mrefu unaingia kwenye gani, kibomba kinaingia kwenye tundu. Sukuma gani mpaka kichwa kilale kabisa kwenye bati, kisha bana. Mara mbili tatu, "pop!". Usiyumbishe gani wakati wa kubana, riveti italala upande. Na kila msumari uliokatika, kwenye kopo. Riveti nane, misumari mirefu nane.

Tundu likishapanuka usilazimishe. Panua vizuri utumie riveti ya milimita 4, au weka pete ya bati nyuma ili mkia upate pa kushika.

Na siri yangu: siku hizi sehemu ambayo mteja anaweza kutaka kuifungua tena, sipigi riveti. Natumia bolti ya M3 na nati yake, inapita vizuri kwenye tundu la 3.2. Kesho akitaka kurudisha kizimba, bisibisi tu inatosha.

10. UPANDE WA BIASHARA

Mambo manne, nimeyalipia.

Moja, mwambie mteja kabla ya kutoboa. Mimi naandika hivi kwenye WhatsApp: "Dada, ili kadi hii iingie inabidi nitoe kizimba cha diski. Nikishatoa, sehemu ya diski kubwa mbili haitakuwepo. Nitakutunzia kizimba kwenye boksi. Niendelee?" Asubiriwe ajibu. Jibu lake ndiyo risiti yako.

Mbili, keisi ambayo bado ina garantii ya alikoinunua, usiiguse bila yeye kukubali kwa maandishi. Ukishatoboa, muuzaji wa kwanza anaweza kukataa kuihudumia, na lawama zitakuja kwako.

Tatu, muda wako una bei. Kutoa riveti nane, kusafisha na kumalizia kunanichukua kama saa moja na nusu. Zamani nilikuwa nafanya bure "kumfurahisha mteja". Kazi ya bure unaifanya haraka, na haraka ndiyo iliyoniachia ule uzi wa alumini. Sasa naitoza, na kwa kuwa nimeitoza, naifanya taratibu.

Nne, piga picha ndani ya keisi ikiwa tupu na safi, halafu picha nyingine ikiwa imefungwa. Mtumie mteja zote. Mteja wa mtandaoni hawezi kuja kushika mzigo, anashika picha. Na kwenye tangazo andika wazi kwamba keisi imefanyiwa marekebisho. Wanaokimbia kwa sababu hiyo ni wachache, na wanaobaki hawakusumbui baadaye.

Yule dada wa Mbeya nilimtumia mashine yake ikiwa na madabodi nyingine, na ndani ya boksi nikaweka kizimba chake na kile kiuzi cha alumini nilichokibandika kwenye karatasi. Nikamwandikia: "Hiki ndicho kilichoua mashine yako. Kosa ni langu, halikuwa lako." Alinijibu neno moja tu, "Sawa." Nikajua nimempoteza. Miezi minne baadaye akaniagiza nyingine ya mfanyakazi wake, na ujumbe wake ulianza hivi: "Kaka, hii umeitingisha?"

Nikamjibu nimeitingisha.

Kama una fundi unayempa kazi zako za kutoboa, mtumie somo hili kabla hajawasha drili. Na wewe ambaye ulishawahi kukutana na riveti inayozunguka ukaitoa kwa njia nyingine, tuandikie hapo chini tujifunze wote. Kazi njema.